Kompyuta Yangu, Leseni ya Nani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi uliotolewa tarehe 29 Julai 2015. Katika idara yetu habari hiyo ilipokelewa kama zinavyopokelewa habari za mvua za nchi nyingine. Asubuhi ya tarehe 15 kompyuta ziliwaka kama kawaida, wanafunzi wakachapa kazi zao, na karani wetu akaendelea na barua zake. Mimi nilikaa ofisini nikiitazama kompyuta mpakato yangu ya mwaka 2013 kwa hisia ya mpangaji aliyefukuzwa mara mbili na mwenye nyumba yule yule.

Naomba msomaji anivumilie nisimulie kwanza kufukuzwa kwangu kwa mara ya kwanza. Bila kisa hicho, hoja yangu itaonekana kuwa ni manung'uniko ya mzee asiyependa vitu vipya.

Kati ya mwaka 2010 na 2013 nilizunguka Newala, Tandahimba na Masasi nikizungumza na wakulima wazee wa korosho juu ya vyama vyao vya ushirika. Nilirudi na mahojiano 41. Niliyaingiza yote katika programu ya kuchambulia mahojiano niliyoinunua kwa fedha za utafiti, nikayatia alama, nikaandika maoni yangu pembeni ya kila aya. Programu ile ilihifadhi kila kitu ndani ya faili la aina yake, ambalo programu nyingine haikuweza kulifungua. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe na nalikiri mapema, nisije nikambebesha mtu mwingine mzigo wangu.

Kompyuta ilikuwa na Windows 7, na stika ya leseni ilibandikwa chini yake. Mwaka 2016 kikaanza kujitokeza kisanduku kila nilipoiwasha: pandisha toleo uende Windows 10, bure, kabla ya tarehe 29 Julai. Nilikikataa kwa wiki kadhaa, kisha mwezi Juni nikakubali. (Mimi angalau nilikubali kwa hiari. Wako waliobofya alama ya X ili kukifunga kisanduku, wakakuta kubofya huko kumehesabiwa kuwa ni kuridhia ratiba. Huko California mwanamke mmoja mwenye ofisi ndogo ya kuandaa safari alikwenda mahakamani kwa jambo la namna hiyo, na kampuni ikamlipa dola 10,000.) Mambo yote yalikwenda vizuri mpaka mwezi Agosti, nilipotaka kurejea mahojiano yangu ili nimalizie sura ya kitabu. Programu haikufunguka. Muda wa kurudi kwenye toleo la zamani, siku thelathini tu, ulikuwa umepita.

Nilikwenda kwa fundi, kijana niliyemfundisha miaka ya nyuma ambaye sasa ana chumba cha ufundi mjini, kimejaa maiti za kompyuta hadi darini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unipigie Windows 7 pembeni ya hii iliyopo. Diski ina nafasi. Nikiiwasha, iniulize niingie wapi."

"Kiufundi ni kazi ya saa mbili, Mwalimu. Shida ni leseni. Ulikuwa nayo moja, na umeshaitumia kuingilia Windows 10."

"Sasa ile Windows 7 niliyoinunua imekwenda wapi?"

"Haijaenda mahali. Imegeuka kuwa hii."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akaniambia kwamba wateja wake karibu wote anawapigia za kuchakachua wala hawaulizi, na kwamba hata ufunguo wa stika yangu huenda ungekubaliwa bila kelele. "Ila wewe, Mwalimu, ndiye uliyenifelisha kwa kunakili kazi ya mwenzangu. Siwezi kukufanyia hivyo bila kukuambia kwanza." Baada ya hapo, ningewezaje kumwambia apige tu? Wenzangu nilipowasimulia walinicheka, na bado wananicheka. Lakini mtu anayesimama kila Jumatatu mbele ya darasa la maadili ya utafiti hana budi kuchunga anachokitenda chumbani kwa fundi.

Kwa wasioyafuatilia mambo haya, nieleze kidogo. Diski ya kompyuta inaweza kugawanywa sehemu mbili au zaidi, kila sehemu ikawekewa mfumo endeshi wake. Kompyuta inapowashwa, programu ndogo huamka kwanza na kumuuliza mtumiaji: leo tunaingia upi? Akishachagua, mfumo ule mmoja huamka na mwingine hubaki umelala kama jembe lililoegeshwa ukutani. Haiwaki yote miwili kwa pamoja. Mtu ni mmoja, kiti ni kimoja, na kinachotenda kazi ni kimoja. Ndiyo maana katazo lile lilinisumbua. Niliponunua kompyuta nilikuwa na haki ya kutumia mfumo mmoja kwa wakati mmoja, na nilichoomba ni kuendelea kutumia mfumo mmoja kwa wakati mmoja. Nilitaka tu niwe na milango miwili ya kuingilia.

Kwa haki, muuzaji naye ana hoja. Leseni ya kupandisha toleo huuzwa kwa bei ya chini kuliko leseni kamili, au hutolewa bure kama ilivyokuwa safari ile, kwa sababu mnunuzi anatanguliza leseni aliyokwisha kuwa nayo. Mkataba wa Windows 7 ulilisema hilo waziwazi kwa toleo lake la kupandishia: ukishapandisha, mkataba mpya unachukua nafasi ya ule wa zamani, na hutautumia tena mfumo uliotoka. Ni kama muuza simu anayekupunguzia bei kwa sharti kwamba umrudishie simu yako ya zamani. Ukimpa, huwezi kurudi kesho kudai kwamba unataka zote mbili. Anayetaka mifumo miwili ya kampuni hiyo katika kompyuta moja anunue leseni mbili kamili, na hapo hakuna atakayemgusa.

Hoja hiyo naikubali nusu. Anayerudisha simu dukani huinyanyua kwa mkono wake na kuiweka juu ya meza, na mkono unajua umetoa nini. Mimi nilibofya neno moja chini ya maandishi marefu ambayo hayakuandikwa kwa matarajio ya kusomwa, tena katika lugha ambayo kwa Watanzania wengi ni ya darasani. Wala kilichochukuliwa hakikuwa simu kuukuu. Kilikuwa ufunguo wa chumba nilichokuwa nimehifadhi maneno ya wazee, na baadhi yao walikuwa wameshafariki.

Wenzangu wa idara ya sheria hunikumbusha kwamba programu hizi haziuzwi kamwe, bali hutolewa leseni, na kwamba neno "kununua" tunalitumia kwa mazoea. Sawa. Sisi Watanzania si wageni wa umiliki wenye tabaka. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwananchi mwenye hati ana haki ya kuikalia kwa muda, na muda huo unaweza kufika miaka 99. Hakuna anayelala bila usingizi kwa sababu hiyo. Lakini sheria ile ile inasema kwamba haki hiyo ikitwaliwa, mwenyewe alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na kuna mabaraza na mahakama za kwenda kulalamikia. Twajua namna utekelezaji unavyopindishwa, ila kanuni ipo na mtu anaweza kuishika mkononi. Katika leseni ya programu, upande mmoja huandika masharti na kutangaza mwisho, na upande wa pili hubofya. Kuna leseni zinazokuja na kompyuta kutoka kiwandani ambazo hufungwa kwenye ubao mkuu, ule mafundi wanaouita madabodi. Ubao ukibadilishwa kwa wa aina nyingine, leseni huweza kuhesabiwa imekufa pamoja nao, hata kama skrini, diski na mwenye kompyuta wote wangali hai. Fikirini maana yake katika nchi ambayo kompyuta nyingi huja zikiwa zimeshatumika kwingine, na riziki ya fundi ni kubadilisha viungo.

Mzee mmoja wa Newala aliwahi kuniambia, "Mkorosho ni wangu, na korosho ni zangu mpaka zinapofika kwenye mizani." Nililinukuu neno hilo katika makala nikilieleza kama falsafa ya ushirika. Sikujua kwamba siku moja nitalihitaji kwa jambo langu mwenyewe.

Pengine msomaji ataona nimelikuza jambo la fundi na diski. Hapana. Suala la nani anaamua kompyuta iamke na mfumo gani limeshapiganiwa na matajiri wenye mawakili, na kisa chake chafaa kusimuliwa polepole kwa kuwa vijana wetu wa teknohama hawafundishwi.

Miaka ya 1990 Mfaransa Jean-Louis Gassée, aliyewahi kuwa kiongozi katika kampuni ya Apple, alianzisha kampuni iliyoitwa Be na kutengeneza mfumo endeshi wa BeOS. Wengi walioutumia waliusifu kwa wepesi wake katika picha na sauti. Gassée hakuwa na ndoto ya kuiondoa Windows. Alitaka BeOS ikae pembeni yake, mifumo miwili ndani ya kompyuta moja, mtu achague. Kampuni ya Hitachi ya Japani ilikubali, na mwaka 1998 ikaandaa kompyuta zenye mifumo yote miwili. Tatizo lilikuwa kwenye mkataba baina ya Microsoft na watengenezaji wa kompyuta: mtengenezaji hakuruhusiwa kuivuruga hatua ya kuwaka kwa Windows kwa kuweka mbele yake menyu ya kuchagulia. Kwa hiyo kompyuta za Hitachi zilitoka kiwandani zikiwa na BeOS ndani ya diski, lakini menyu haikuwepo. Mnunuzi aliyeutaka mfumo alioulipia ilimbidi afuate maelekezo ya pekee ili kuufukua. Ni sawa na kuuziwa nyumba ya vyumba viwili, kimoja mlango wake umezibwa kwa plasta.

Be ilikufa. Mwaka 2002, ikiwa imebaki jina na deni la heshima, iliishtaki Microsoft, na mwaka 2003 kesi ikamalizwa nje ya mahakama kwa malipo ya dola milioni 23.25, Microsoft ikisema haikiri kosa lolote. Fedha zilikuja, menyu ikawa haina tena mtu wa kumwonyesha.

Kabla ya hapo Serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa imeishtaki Microsoft mwaka 1998. Mwaka 1999 Jaji Thomas Penfield Jackson alithibitisha kwamba kampuni ile ilikuwa na ukiritimba na iliutumia kuwabana wengine. Mwaka uliofuata aliamuru ivunjwe vipande viwili, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikaitengua amri ya kuivunja. Wengi wetu tunakumbuka sehemu hiyo ya kelele. Sehemu isiyokumbukwa imo katika hukumu ya mwisho ya mwaka 2002, ambamo kifungu kimoja kilipiga marufuku kumzuia mtengenezaji wa kompyuta asimpe mnunuzi nafasi ya kuwasha mfumo mwingine kabla Windows haijaamka. Yaani dola kubwa kuliko zote duniani iliona kwamba ile menyu yenye mistari miwili ina uzito wa kuandikiwa kifungu chake mahakamani. Mimi naona hilo linatosha kumjibu anayedhani haya ni mambo ya mafundi.

Wala mambo hayajatulia. Mwezi Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama lililozuia matoleo ya zamani ya programu ndogo zinazowasha Linux. Kampuni ilikuwa imesema sasisho halitagusa kompyuta zenye mifumo miwili. Liliwagusa. Watu waliwasha kompyuta zao, wakachagua Linux, wakaambiwa kwamba kuna jambo limeharibika vibaya, kisha kompyuta ikazimika. Siamini kwamba ilikusudiwa, kwa sababu tundu la usalama lililokuwa likizibwa lilikuwa la kweli. Lakini wapangaji wawili wanapokaa nyumba moja na mmoja ndiye mwenye ufunguo wa mita, hata bahati mbaya zina upande zinakoangukia.

Sasa nirudi kwenye Oktoba 2025 na kufukuzwa kwangu kwa mara ya pili. Windows 11 inadai kompyuta iwe na chipu ya usalama ya TPM ya toleo la 2.0, na kama prosesa yake ni ya Intel, iwe kwa jumla ya kizazi cha nane au cha baadaye. Mpakato wangu wa 2013 hauna hiki wala kile. Basi tazameni mpangilio: mwaka 2016 nilipewa zawadi iliyomeza leseni niliyoilipia, na mwaka 2025 zawadi yenyewe ikafikia mwisho, nami nikabaki na kompyuta nzima inayowaka vizuri isiyo na mfumo unaolindwa.

Kampuni iliweka njia ya muda. Mtu binafsi aweza kulipa dola 30, zaidi ya shilingi 70,000, apate masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, au ayapate bila kulipa iwapo ataingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye seva zao. Vyama vya watetezi wa walaji huko Ulaya vilipiga kelele, na nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya zikapewa masasisho hayo bila malipo na bila sharti la kuhifadhi mipangilio. Sisi wengine tulibaki na masharti ya awali. Sioni kwamba Mzungu ana thamani zaidi machoni pa kampuni. Naona kwamba yeye ana chama kinachosoma mikataba kwa niaba yake, na kinaposema husikilizwa. Sisi tuna mamlaka na mabaraza ya walaji, ila sijawahi kuyasikia yakizungumzia leseni ya programu yoyote.

Kwa mashirika bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka mitatu. Kwa taasisi za elimu ni dola 1, kisha 2, kisha 4. Mkuu mmoja wa kitengo aliponionyesha bei hiyo ya elimu alifurahi kama mtu aliyeokota noti. Dola moja ni sahani ya wali maharage! Mimi ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Bei ndogo namna hiyo haikusudiwi kuingiza fedha. Inakusudiwa kuwafanya vijana wasijifunze kingine. Mwaka 1998 Bill Gates, akizungumzia nakala za wizi nchini China, alisema hadharani kwamba maadamu watu wataiba, ni afadhali waibe za kwao, kwa kuwa watazoea na siku moja itapatikana njia ya kuwatoza. Wateja wa yule fundi wangu wa mjini, wanaopigiwa Windows ya kuchakachua na kutoka wakichekelea, wamo ndani ya hesabu hiyo tangu zamani. Na leseni, kwa kinaya chake, inambana yule mmoja tu anayeisoma.

Nini basi kifanyike katika vyuo vyetu vya umma? Sisemi tuitupe Windows. Wanaosema hivyo hawajawahi kusimamia maabara ya kompyuta wiki ya mitihani. Ziko programu za takwimu, za uhasibu na za uhandisi ambazo waajiri wanazitaka na zinahitaji Windows, na mwanafunzi asiyezijua tutakuwa tumemdhulumu. Jiji la Munich nchini Ujerumani lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux, likahitimisha mwaka 2013, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi. Sababu za kurudi zinabishaniwa hadi leo, baadhi zikiwa za siasa tupu, lakini anayependekeza kuhama bila kulitaja Munich anaficha kitu. Kwa upande mwingine, jimbo la Kerala nchini India limefundisha watoto wa shule za serikali kwa programu huria kwa miaka mingi, na si jimbo tajiri.

Ninachopendekeza ni kidogo zaidi ya hapo, na kwa maoni yangu ni kigumu zaidi kukikataa. Kila kompyuta ya maabara iwe na mifumo miwili. Windows ibaki mahali ina leseni halali, na pembeni yake iwekwe Linux, ambayo nayo ina leseni, tena kali kwa namna yake. Leseni ya GPL iliyoandikwa na Richard Stallman inakuruhusu kunakili mara elfu, kubadilisha na kuuza. Ila ukimpa mwenzako programu hiyo, huruhusiwi kumnyima uhuru ule ule uliopewa wewe. Kupandisha toleo hakumezi kitu: la zamani linabaki na haki zake zote, na ukitaka kuyaweka matoleo matano katika diski moja hakuna atakayekuuliza. Zile kompyuta za 2013 na 2015 ambazo Windows 11 imezikataa zitaendelea kufundishia.

Hili si jambo geni kwetu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili menyu kwa menyu. Nilipowauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili nani amewahi kuisikia, hakuna aliyenyoosha mkono. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, na jina lake Mswahili hahitaji kamusi, kwa kuwa ni utu wetu ule ule kwa lahaja ya jirani. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, aliyeomba alitumiwa diski yake kwa posta bila kulipa senti. Mimi nami niliomba. Bahasha ilifika kwenye sanduku la posta la idara, na nasikitika kusema kwamba diski ile niliitumia kuwekea kikombe cha chai.

Mahojiano yangu? Yaliokolewa na uzembe. Katika stoo ya idara kulikuwa na kompyuta ya mezani yenye Windows 7 ambayo haikuwa imeunganishwa na mtandao kwa miaka, kwa hiyo kisanduku cha zawadi hakikuwahi kuifikia. Kwa leseni yake halali na kwa programu yangu halali, nilikaa ndani ya vumbi siku tatu nikiyatoa mahojiano moja baada ya jingine na kuyahifadhi kama maandishi matupu, aina ambayo kompyuta yoyote duniani inaisoma. Yote 41 yalitoka. Maoni yangu ya pembeni hayakutoka, na sura ile ya kitabu nimeiandika upya kwa kumbukumbu.

Mpakato wa 2013 nilimpelekea yule kijana mwezi Novemba. Safari hii hakuwa na pingamizi. Windows 10 ipo mahali pake na siiunganishi na mtandao. Ubuntu ipo pembeni, na makala haya nimeyaandikia humo. Kila ninapoiwasha hunionyesha orodha fupi kwenye skrini nyeusi na kunipa sekunde kumi za kuchagua.

Andiko langu la kuomba maabara yetu iwekewe mifumo miwili lina ukurasa mmoja na nusu, na limeingizwa katika ajenda za kamati ya teknohama ya kitivo. Nimeambiwa litajadiliwa chini ya mengineyo.